Mikanda Miwili na Pirogue Moja

Arlette, siku ile ya kustaafu kwangu, mliponipa kitenge na keki, ulinivuta pembeni ukaniambia, "Maman, andika basi. Mambo yote iko mu kichwa yako, ukienda itaenda na weye." Nimekaa nyumbani wiki mbili nikiangalia shamba langu dogo la sombe, majani ya muhogo, nimeona kwamba sombe haihitaji kiné, mtu wa kunyoosha viungo na kurudisha nguvu za wagonjwa. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitaviandika, waliovitaka wanavijua. Kiswahili changu ni kile cha mission, nilichofundishwa kwa fimbo, lakini watu wakianza kusema humu ndani nitawaacha waseme ile yetu.

Siku yangu ya kwanza nilifika service, chumba chetu cha hospitali, nimevaa blouse iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Papa Mugisho, aliyekuwa kiné wetu mkubwa wakati ule, hakuniambia hata karibu. Alikunja mkono wa shati, akaninyooshea mkono wake, akasema, "Hesabu roho." Kwetu moyo tunauita roho, wapadre watusamehe. Mimi na haraka yangu nikabandika kidole gumba juu ya mshipa, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Akanichapa kofi dogo mkononi, si la kuumiza, la kuamsha.

"Kidole kubwa iko na roho yayo," akasema. "Ukiweka kidole kubwa, utahesabu roho yako na utaandika jina ya mugonjwa. Mugonjwa atakufa, na fiche yake itakuwa muzuri."

Sheria zake zilikuwa hizo tu: vidole viwili, dakika nzima, kinywa kimefungwa. Saa yake haikuwa na kioo, kilivunjika kabla sijamjua, na yeye alisema ndiyo vizuri, hakuna kinachomtenga na mshale. Siku moja nilimwuliza kwa nini tusihesabu nusu dakika kisha tuzidishe mara mbili. Alijibu kwamba roho mgonjwa haina ahadi ya nusu ya pili. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Miaka ile vyombo hatukuwa navyo. Uzito wetu ulikuwa mchanga wa ziwa tulioushona ndani ya vipande vya kitenge. Chambre à air, mipira ya ndani ya magurudumu ya baiskeli, tulizikata vipande virefu, wagonjwa wakazivuta kwa miguu na mikono mpaka zikakatika, na nyingine zilikatika usoni pangu. Milima ya mji huu ilikuwa mashine ya bure, mgonjwa anayeweza kupanda kutoka kwetu hadi barabarani bila kusimama tulimwita mzima. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya macho. Papa Mugisho alinifundisha kuangalia mdomo wa juu, kwa sababu jasho baridi linaanzia pale. Alinifundisha pia kuogopa mgonjwa aliyekuwa akisema na sasa amenyamaza. Akikuambia amechoka, bado ana nguvu ya kukuambia.

Alipoacha kazi alinivalisha saa ile isiyo na kioo. Niliivaa miaka mingi sana, mshale wake ulichelewa kidogo lakini haukusimama. Niliivua mwaka ule pirogue ilipofika.

Unakumbuka, Arlette, ulikuwa na miezi minane tu kwetu. Sanduku la mbao lilitoka kwa watu wema wa mbali, limepanda na kushuka magari mpaka pembe zote zimekatika. Ndani mlikuwa na mashine ya kupiga kasia: kiti kinachoteleza juu ya reli, mnyororo wenye kishikio, gurudumu la upepo linalovuma, na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Wagonjwa wakaipa jina siku ileile, pirogue, yaani mtumbwi. Mzee mmoja mgonjwa wa goti aliivuta robo saa, akashuka, akauliza kama amekaribia kisiwa cha Idjwi. Kitabu cha mashine kilikuwa cha Kiingereza na Kijerumani, na sisi humu tuna Kifaransa, Kiswahili na Mashi. Ukajifundisha mwenyewe kwa kubonyeza, na nilikuonea wivu kidogo.

Ndani ya sanduku, chini kabisa, kulikuwa na mikanda miwili ya kifua. Kwa vijana ambao hawajaivaa: ni mkanda wa kuvutika, ndani yake kuna vipande viwili vya mpira vinavyogusa ngozi chini kidogo ya matiti, na katikati kuna kidude kama kifungo kikubwa. Unavilowesha vile vipande kwa maji, unaufunga mkanda juu ya ngozi yenyewe, si juu ya shati, na kidude kinapeleka mapigo ya roho kwenye kioo cha mashine bila waya. Nyuma ya kila kidude kuna namba ndogo sana, ya kusomwa na macho ya miaka ishirini. Mashine ikiulizwa, inaonyesha namba za mikanda inayoisikia, wewe unachagua moja, na kesho yake inaikumbuka ileile.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Mtu anayevuta kasia mikono yake yote iko kazini, huwezi kumshika kifundo cha mkono. Ukimsimamisha ili uhesabu, roho imekwisha kushuka. Sasa tungeona mapigo wakati wa jasho lenyewe. Saa ya Papa Mugisho nikaitia kwenye droo.

Mgonjwa wa kwanza wa moyo kupanda pirogue alikuwa Maman Nsimire wa Bagira. Kazi yake ilikuwa kupandisha mifuko kutoka ziwani hadi soko la Nyawera, mgongo umeinama, mkanda wa kubebea umezunguka paji la uso. Baada ya uzazi wake wa mwisho roho yake ililegea, akaanguka mlimani na mfuko juu yake. Alitibiwa miezi mingi, akapona nusu. Wabebaji wenzake walikataa kumpokea bila karatasi ya daktari kwamba yuko apte, yaani mwili wake unaiweza kazi, kwa maana hakuna aliyetaka kumwona akianguka tena. Daktari wetu akaamua: mara sita kwenye pirogue, roho isizidi mapigo mia moja na kumi, namba ziandikwe kwenye fiche, kadi yake ya hospitali. Zikiwa nzuri zote, anatia sahihi. Nsimire alikuwa na watoto watano na ile karatasi ndiyo ilikuwa mlango wake.

Nilipomwonyesha mkanda alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Maman kiné, miye mukanda najua ni ya kichwa. Hii ya kifua inabeba nini?"

"Haibebi kitu. Inasikiliza roho yako."

"Inasikiliza, kisha inapelekea nani?"

Wewe Arlette ulianza kumweleza mambo ya mawimbi, ukazidi kumtia hofu. Baba yangu alikuwa mtu wa Mumosho. Kwake kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haikutolewa kwa mgeni kabla mwenye nyumba hajainywa yeye kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane hakuna sumu. Hata bia ya chupa aliionja kwanza, na mama alisema ile ilikuwa kiu tu. Nikamwambia Nsimire, "Sawa. Mwenye nyumba anaonja." Nikachukua mkanda mmoja, nikaenda nyuma ya pazia, nikaulowesha, nikaufunga chini ya blouse, nikatoka.

"Unaona? Bado niko hai."

"Utakaa nayo," akasema. "Usitoshe yako mbele miye natosha yangu. Mwenye kuonja hakimbiake chungu."

"Nitakaa nayo. Sitaivua kabla yako."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na nataka niliandike vizuri, kwa maana watu wamelisimulia vibaya. Wakati Nsimire bado yuko nyuma ya pazia anafunga ule mkanda wa pili, wewe uliuliza mashine. Ikaonyesha namba moja. Ukasema, "Maman, tungojee kwanza avae, tuone kama..." Nikakukata. Wagonjwa wengine walikuwa wanangoja nje. "Bonyeza, bonyeza! Roho si imetokea?" Ukabonyeza. Nsimire akaja, akakaa, na kwenye kioo kulikuwa na roho ndogo nyekundu inayopiga. Nani angeuliza tena?

Mara tano alivuta, na mara tano mimi nilivaa mkanda wangu kama nilivyoahidi. Nilisimama kando yake nikiigiza kupiga kasia kwa mikono mitupu ili nimpe mwendo, na yeye alihesabu kwa sauti, kila mvuto hatua moja ya mlima wa kwenda Nyawera. Tisini na sita. Mia moja na mbili. Tisini na tisa. Akimaliza, tulingoja dakika moja na namba ikashuka vizuri. Niliziandika zote kwa mkono wangu, chini ya jina lake. Kifundo cha mkono wake sikukigusa hata mara moja. Siku ya nne alisema usiku alilala ameketi, akilala chali anakosa hewa. Nikamwambia ni woga wa karatasi.

Mara ya sita ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Daktari alikuwa na karatasi mezani, imebaki sahihi. Nsimire alikuja amevaa kitenge chake kizuri juu ya suruali ya michezo, kwa sababu kutoka pale angepitia Nyawera kuwaonyesha wenzake. Goti langu lilikuwa limevimba siku ile. Badala ya kusimama na kupunga mikono, nilivuta kiti kidogo, nikakaa.

Akaanza. Alivuta kwa nguvu kuliko siku zote, alitaka kumaliza vizuri. "Moja. Mbili. Tatu." Gurudumu likavuma. Wewe uliangalia kioo ukapiga makofi.

"Maman, ata quatre-vingt-quatre! Amepona kabisa!"

Themanini na nne. Namba nzuri kuliko zote, siku anayovuta kwa nguvu kuliko zote. Ningekuwa na akili ya siku yangu ya kwanza, ningeruka. Nilifanya nini? Nilisema, "Basi ongeza, mama. Ongeza kidogo."

Akaongeza. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Kwenye hamsini sauti yake ikawa nyembamba. Kwenye hamsini na tano alihesabu kwa midomo tu. Kisha akanyamaza, lakini aliendelea kuvuta.

"Unasikia namna gani, Maman Nsimire?"

Akaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Hakusema. Niliona jasho juu ya mdomo wake, matone madogo, na uso wake umekuwa wa majivu. Niliona yote mawili, Arlette, hilo ndilo sijisamehe. Niliona, kisha nikageuza macho kuangalia kioo. Themanini na tano.

"Vuta," nikamwambia. "Roho yako iko muzuri."

Alivuta tena mara tatu. Kishikio kikamtoka, mnyororo ukakirudisha kwa kishindo, na yeye akainama upande kama mtu anayetafuta kitu chini. Nikaruka, kiti kikaanguka, goti sikulisikia tena. Nilimdaka mgongoni nikamkalisha sakafuni, mgongo wake juu ya kifua changu. Alikuwa baridi. Alihema kwa vipande vidogo vidogo.

"Maman!" ulipiga kelele. "Roho yake iko napanda! Nonante-sept! Cent-douze! Na yeye hako navuta tena!"

Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo chake. Chini ya vidole vyangu hapakuwa na tisini na saba wala mia moja na kumi na mbili. Palikuwa na mapigo yanayokimbizana, mengine yanajikwaa, mengine hayafiki, hata ningekuwa na saa nisingeweza kuyashika. Nikainua macho. Kwenye kioo, mia moja na ishirini na sita. Mia moja na thelathini na moja. Sawasawa, bila kukosa hata moja, roho ya mtu mzima mwenye afya aliyeshikwa na woga. Niliisikia ikipiga masikioni mwangu, pigo kwa pigo.

Mama yangu we.

Nikaingiza mkono chini ya blouse nikaung'oa mkanda. Namba kwenye kioo ikapotea, vikabaki vistari viwili.

"Amekufa!" ulilia. "Mungu wangu, amekufa!"

"Hajakufa," nikakuambia. "Ile ilikuwa miye. Kimbia, uite daktari, oxygène!"

Ulikimbia vizuri siku ile, sitasahau. Mimi nilibaki sakafuni nimemkumbatia, vidole viwili kwenye mshipa, kinywa kimefungwa, na kila pigo lililokosa nilidhani ndilo la mwisho. Daktari alikuja, chupa ya oxygène ikaja, wakampeleka juu kwenye kitanda, wakampa dawa. Karibu na saa sita mchana mapigo yake yalianza kufuatana. Nilijua kwa sababu sikuachia mkono wake mpaka waliponifukuza.

Baadaye niliketi kwenye ofisi yetu na fiche mbele yangu. Mistari mitano, mwandiko wangu, na wa sita bila namba. Ulikuja macho mekundu ukasema utamwambia daktari kwamba ni wewe uliyechagua namba. Nikakuambia ukae. Nisikufiche, mimi pia nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, pili ya mkanda, betri yake, imekwisha, ndiyo sababu, na katika mji huu nani asingeamini pili imekwisha? Niligeuza ule uongo mdomoni nusu saa nzima. Ungeokoa jina langu. Lakini ile mistari mitano ya kwanza ingebaki chini ya jina lake, mizuri yote, na mtu mwingine angekuja kutia sahihi.

Nikafuta jina la Nsimire juu ya fiche, nikaandika langu. Nikapanda kwa daktari, nikamwekea fiche mezani, nikamweleza yote, pamoja na kasiksi ya baba yangu. Alisoma namba polepole, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo, Maman," akasema, "ni weye uko apte ya kubeba mifuko."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Akachukua ile karatasi iliyongoja sahihi, akaichana mara mbili.

Kesho yake nilikwenda kwa Nsimire. Alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi umekaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe miye njo nilikuwa navuta," akasema, "na roho ilikuwa yako."

"Njo vile."

"Ulijua?"

"Apana. Naapa."

"Kuonja haikuwa mubaya. Ni miye nilikuomba." Akaangalia mikono yake. "Lakini zile siku zote, ulinishika ata mukono?"

"Apana."

"Basi njo hapo ulinikosea."

Nilianza kulia, mimi niliyewaambia stagiaires, wanafunzi wa kazi, wangapi kwamba machozi yapelekwe chooni. Alinyoosha mkono juu ya shuka, kiganja juu, akasema, "Shika sasa." Nikashika. Dakika nzima.

Karatasi ya kubeba mifuko hakuipata, wala hataipata. Ilimuuma sana. Siku hizi anauza avoka na ndizi Nyawera, ameketi, na wale wabebaji wenzake ndio wanaompandishia mzigo. Kabla hajatoka hospitali aliniomba nimfundishe kuhesabu roho yake mwenyewe. Aliweka kidole gumba, na mimi nikamchapa kofi dogo mkononi, nikamwambia maneno yaleyale niliyoambiwa. Pirogue bado iko, mikanda pia, na ninyi mnajua sheria: namba ya nyuma ya kidude inasomwa kwa sauti na watu wawili, na mashine isiposema sawa na vidole, hesabu ya vidole ndiyo inayoandikwa. Saa isiyo na kioo niliitoa kwenye droo jioni ileile.

Sasa ile siku ya kitenge na keki. Mkurugenzi alikuwa bado anasema, ninyi mmejipanga ukutani, mara Nsimire akaingia na beseni la avoka kichwani. Alilishusha, akanikamata mkono mbele ya watu wote, akaweka vidole viwili. Akafunga kinywa. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Mkurugenzi alijaribu kuendelea, akaona hakuna anayemsikiliza, akanyamaza naye. Mlisimama kimya dakika nzima, na mimi katikati, naogopa kama siku ya mtihani.

Alipomaliza hakuuachia mkono.

"Septante-huit," sabini na nane, akakuambia wewe, Arlette. "Andika. Na jina, andika yake."